Kabla Hujakandwa, Sema Kwanza

Huku Kibondo, mvua zikianza kila mmoja wetu huwa shambani, na jioni kila mmoja wetu huwa ameshika kiuno. Tunalima kwa jembe la mkono tukiwa tumeinama tangu asubuhi, tunarudi na mzigo wa kuni au mihogo kichwani, mtoto yuko mgongoni, na tukifika nyumbani ndoo ya maji inatusubiri. Mwenzetu wa mjini Kasulu anayeshinda kwenye cherehani au nyuma ya meza ya ofisi naye huumwa shingo na mabega vilevile. Si ajabu basi kwamba katika mazungumzo yetu swali moja limekuwa likirudi: je, kukandwa kuna faida? Na mama akitaka kukandwa, aende kwa nani, na ajue nini kabla ya kwenda?

Jambo lenyewe si geni. Wengine husema kukandwa, wengine kuchuliwa, na katika saluni za mjini huitwa masaji. Bibi zetu walitukanda kwa mafuta ya mise tulipozaliwa, wakatukanda tena tulipojifungua. Hata katika Injili tunasoma habari za Msamaria aliyetia mafuta na divai kwenye majeraha ya mtu aliyekutwa njiani. Mkono wenye huruma ni dawa tangu zamani. Lakini mkono huohuo ukiwekwa mahali pasipofaa, au siku isiyofaa, waweza kuleta msiba. Hilo ndilo tunalotaka tulizungumze leo bila kuogopana.

MGUU ULIOKATALIWA

Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu alijifungua salama mtoto wake wa tatu. Juma la tatu mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba kwenye shavu la mguu. Ulikuwa na joto, uliuma akisimama, na ulionekana mnene kuliko wa kulia. Mama mkwe wake, kwa mapenzi kabisa, alimwita bibi mmoja wa jirani anayejulikana kwa kukanda. Maji yakabandikwa jikoni, mkeka ukatandikwa, chupa ya mafuta ikawekwa karibu.

Bibi alipofika walisalimiana kwa makofi kama ilivyo desturi yetu. Mwenzetu alilala kimya. Alituambia baadaye kwamba alikuwa amekusudia kutosema lolote, maana aliona si adabu kwa mkwe kuanza kujieleza mbele ya wakubwa wawili. Lakini bibi alipokuwa akijipaka mafuta mikononi, maneno yalimtoka: "Bibi, mguu huu una moto, na ni mmoja tu."

Yule bibi akasimamisha mikono. Akaugusa mguu kwa nyuma ya kiganja, akaugusa na wa pili, akauliza, "Ulianza lini, mwanangu?" Alipojibiwa, alichukua kizibo akaifunga chupa yake. "Huu si wangu," alimwambia mama mkwe. "Huu ni wa hospitali, tena leo."

Walipata gari lililokuwa likipeleka maharage mjini. Hospitali walikuta damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Waganga walieleza kwamba kipande cha damu iliyoganda chaweza kung'oka, kikasafiri hadi mapafuni na kumwua mtu kwa muda mfupi, na kwamba kuusugua mguu wa namna hiyo ni kuongeza hatari hiyo. Alichomwa sindano, akapewa vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa. Leo yule mtoto wake anakimbia uani.

Tumeitafakari habari hii mara nyingi. Aliyemwokoa ni nani? Ni bibi, kwa kuwa alijua mpaka wa kazi yake. Lakini bibi asingejua lolote kama mwenzetu angenyamaza. Mkono wa mkandaji hauoni ndani ya mwili wako. Maneno yako ndiyo macho yake.

KUKANDWA KUNASAIDIA NINI

Tusije tukawatisha. Kwa mtu mwenye afya aliyechoka kwa kazi, kukandwa vizuri kwafaa. Misuli iliyokaza hulegea, maumivu ya mgongo na shingo hupungua kwa muda, mwili hutulia na usingizi huja. Mama mwenye mawazo mengi huweza kupumzika nusu saa bila mtu kumwita. Hilo nalo si jambo dogo.

Lakini tujue pia kisichowezekana. Kukandwa hakuponyi malaria wala vidonda vya tumbo. Hakuondoi uvimbe ndani ya kizazi wala hakuzibui mirija ya uzazi. Wengi wetu tumeambiwa kwamba tumbo likiuma ni "chango," au kizazi kimegeuka na kinahitaji kurudishwa kwa mikono. Kizazi kushuka ni ugonjwa wa kweli, na huwapata hasa kina mama waliozaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito. Tiba yake ni mazoezi maalumu ya misuli ya nyonga, kuwekewa kifaa cha kukishikilia, au upasuaji. Kukibonyeza kupitia tumboni hakukipandishi. Ukiumwa tumbo la chini mara kwa mara, ukitokwa na uchafu wenye harufu, au ukitokwa damu nje ya siku zako, usitafute mkandaji. Nenda ukapimwe.

Mkandaji anayekuahidi kuponya kila kitu, mwogope. Anayekuambia, "Hili naweza kulisaidia, hili siwezi," huyo msikilize.

SIKU AMBAZO MKONO USIKUGUSE

Mama, zishike sawasawa hali zifuatazo. Ukiwa na mojawapo, usilale mkekani kabla ya kuonana na mganga wa hospitali au kituo cha afya.

Kwanza, mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, hasa baada ya kujifungua, baada ya upasuaji, au baada ya kulala kitandani siku nyingi. Ikiwa pamoja na hayo kifua kinauma au pumzi inakata, hiyo ni dharura. Usingoje kesho.

Pili, homa. Mwili wenye homa unapigana na ugonjwa, na ugonjwa huo wapaswa kujulikana.

Tatu, mtu aliyeanguka. Mtoto akianguka kutoka mwembeni, au baba akianguka na baiskeli, na mkono ukavimba, ukapinda, au akashindwa kabisa kuutumia, huenda mfupa umevunjika. Kuuvuta na kuuchua kwaweza kukata mishipa ya damu na ya fahamu. Ufunge kwa kipande cha ubao na kitambaa usitikisike, umpeleke akapigwe picha. Hata kama ni kuteguka tu, siku mbili za kwanza si za kukanda wala za maji ya moto. Ni za kupumzisha kiungo, kukiinua juu, na kuweka kitambaa kilicholowa maji baridi.

Nne, maumivu ya mgongo yanayoambatana na dalili nyingine. Ikiwa mgongo unauma usiku na mchana kwa majuma mengi, mwili unakonda, jasho linatoka usiku, au pametokea kibyongo, hiyo yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ndiyo, kifua kikuu hushambulia hata mifupa. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na anayewahi hupona. Ikiwa miguu inakufa ganzi, sehemu za siri hazihisi, au haja ndogo na kubwa hazizuiliki, mkimbizeni mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Akichelewa aweza kupooza.

Tano, uvimbe wowote usioujua, hasa kwenye titi. Uvimbe wa titi haukandwi ili uyeyuke. Hupimwa.

Sita, ngozi yenye kidonda, jipu, upele unaoambukiza au mahali palipoungua.

Zaidi ya hizo ziko hali ambazo hazikatazi kukandwa lakini lazima zisemwe: presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, saratani, dawa za kuzuia damu kuganda, mishipa ya miguu iliyojitokeza kama kamba, na mifupa dhaifu ya wazee wetu. Mwenye kisukari aweza kuwa na miguu isiyohisi moto. Ukimwekea maji ya moto ataungua na asijue mpaka aone malengelenge. Mwenye mishipa iliyojitokeza asibonyezwe kwa nguvu juu yake. Bibi mwenye miaka 80 hakandwi kama kijana anayecheza mpira.

MAMA MJAMZITO NA MAMA MZAZI

Hapa tunaomba usome polepole, na ikiwezekana umsomee na mama mkwe.

Mjamzito aweza kukandwa mgongo, mabega na miguu kwa wepesi, na mtu anayejua kazi yake, baada ya kuuliza kliniki kama mimba yake haina tatizo. Mimba ikishakuwa kubwa, alale kwa ubavu. Akilala chali, uzito wa mtoto hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mama aweza kuona kizunguzungu. Miguu ikivimba pamoja na uso, kichwa kikiuma sana au macho yakiona maluweluwe, hiyo si kazi ya mkandaji. Huenda ni kifafa cha mimba kinakuja. Awahi hospitali.

Tumbo la mjamzito lisibonyezwe. Wapo wanaosifiwa kwa kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Ni kweli kwamba hata madaktari humgeuza mtoto kwa mikono, lakini hufanya hivyo kwa kawaida kuanzia wiki ya 36 au 37, wakiwa wamepima, wanasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko karibu endapo jambo litaharibika. Nyumbani hakuna kimojawapo cha vitu hivyo. Kondo la nyuma likibanduka kwa kubonyezwa, mama na mtoto waweza kupotea kwa saa chache. Vivyo hivyo uchungu unapoanza, tumbo halisukumwi ili mtoto atoke upesi.

Sasa tuje kwa mama aliyejifungua. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto tumeirithi, na ndani yake kuna upendo: mzazi hupumzishwa, hupikiwa uji, na hafanyi kazi peke yake. Upendo huo tuutunze. Lakini maji yanayochemka na kugandamiza tumbo ili "damu chafu itoke," hayo tuyaache. Kizazi hurudi chenyewe, na mtoto anaponyonya hukisaidia kurudi. Damu hutoka na kupungua siku hadi siku, na yaweza kuonekana kidogo kidogo hadi karibu majuma 6. Hakuna damu chafu iliyojificha inayongoja maji ya moto. Ni kweli nesi hulisugua tumbo mara baada ya kondo kutoka ili kizazi kikaze na damu isimwagike, lakini hiyo ni kazi ya saa ile, kwa mtu aliyefundishwa. Mzazi akitokwa damu nyingi, akipata homa, au damu ikinuka, ni hospitali, si sufuria.

Aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda cha nje na kingine ndani kisichoonekana. Tumbo lake lisikandwe wala lisimwagiwe maji ya moto. Angoje hadi mganga atakapomruhusu.

Kama mzazi anataka kukandwa, akandwe mabega na mgongo kwa mafuta na mikono ya upole, maji yawe ya uvuguvugu tu, na kwanza miguu yake iangaliwe kama inalingana. Maana hatari ya damu kuganda huongezeka tangu ujauzito, na huwa kubwa zaidi katika majuma 6 ya kwanza baada ya kujifungua.

Na mtoto mchanga? Kumpaka mafuta na kumsugua kwa upole ni vema, humtuliza na kumkaribisha duniani. Lakini asivutwe mikono na miguu, utosi usibonyezwe, mafuta yasitiwe puani wala masikioni, na vititi vyake visikamuliwe hata kama vimevimba. Uvimbe huo hutokana na homoni za mama na huisha wenyewe. Ukivikamua waweza kumletea jipu.

MJUE ANAYEKUKANDA

Mama hawezi kumpa mtu fedha za kushona gauni bila kuuliza kama ni fundi. Kwa nini basi tumpe mtu migongo yetu bila kuuliza?

Yako makundi matatu. La kwanza ni wataalamu wa fiziotherapia, yaani watu waliosomea tiba ya viungo, baadhi yao huko KCMC, Moshi. Hawa huchunguza kwanza, kisha hukanda ikihitajika, na zaidi sana hukufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani. Uliza katika hospitali ya wilaya kama yupo. Kwa matatizo makubwa waweza kuandikiwa kwenda Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, au Bugando, Mwanza. La pili ni wakandaji wa saluni, ambao wengine wamefunzwa na wengine wamejaribu tu. La tatu ni wakandaji wetu wa jadi. Kwa hawa, Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalowasajili watoa tiba asili. Mwenye kituo cha tiba na kutoza watu fedha aweza kuulizwa cheti chake, na asiye na hila hakasiriki.

Maswali ya kuuliza si mengi. Umejifunza wapi au kwa nani? Umefanya kazi hii muda gani? Utanikanda sehemu zipi, kwa muda gani, kwa mafuta gani? Bei ni kiasi gani? Elewaneni bei kabla, maana aibu ya kudaiana baada ya kazi huvunja ujirani.

Angalia na usafi. Mikono ioshwe kwa sabuni, kucha ziwe fupi, shuka au kitenge kiwe safi na kisiwe kilekile kilicholaliwa na aliyetangulia. Mafuta ya mise, ya nazi au ya alizeti yatosha. Jaribu kidogo kwenye mkono kwanza kama ngozi yako huwasha. Mafuta ya taa si ya kukandia. Na akitoa wembe akisema atakuchanja chale ili dawa iingie, kataa. Kwa wembe mmoja waweza kupata virusi vya UKIMWI au homa ya ini.

HESHIMA YA MWILI WAKO

Wengine mmeuliza kama inafaa mke wa mtu kukandwa na mtu mwingine, maana yapo majengo katika miji mikubwa yanayoandika "masaji" mlangoni na kufanya mengine ndani. Wasiwasi huo una msingi, lakini si wa leo wala si wa kwetu tu. Mjini London mwaka 1894 jarida la madaktari, British Medical Journal, liliandika kuhusu nyumba zilizojificha nyuma ya jina la kukanda huku zikifanya biashara ya uasherati. Wauguzi wanawake waliokuwa wakikanda wagonjwa kwa uaminifu wakaona jina lao linachafuliwa. Mwaka huohuo wanne kati yao, mmojawapo akiwa Rosalind Paget ambaye alikuwa pia mkunga, waliunda chama chao. Waliweka kanuni: kukanda kwa maagizo ya daktari tu, kutokanda wanaume isipokuwa kwa ombi maalumu la daktari, na kutojitangaza isipokuwa katika majarida ya tiba. Waliokuwa wamepita katika mitihani yao walijulikana na kuaminika. Chama hicho kilipewa hati ya kifalme mwaka 1920, na ndicho mzazi wa chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha Uingereza cha leo.

Tunajifunza nini? Kwamba dawa ya uchafu haikuwa kuiacha kazi njema. Ilikuwa kuiwekea mipaka iliyo wazi. Nasi tuiweke yetu. Chagua mwanamke mwenzako akukande. Nenda na dada, wifi au rafiki, akae mahali anapokuona. Mume wako ajue ulikokwenda. Vua kile tu kinachohitajika, na sehemu isiyokandwa ifunikwe kwa khanga. Sehemu za siri na matiti si mahali pa masaji. Binti zetu wasipelekwe peke yao kwa mkandaji yeyote, hata kama ni jirani au ndugu.

Na ukiona mkono unakwenda pasipo pake, una haki ya kusema "acha" na kuondoka, hata kama umekwisha lipa. Usijione mkosaji. Aliyekosa ni yeye. Yakizidi, mweleze mtu unayemwamini, na katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto lililowekwa kwa ajili ya mambo kama hayo.

TUSEME VIPI KWA WAKUBWA?

Tunajua wengi mnasema moyoni: haya yote ni mema, lakini mama mkwe ndiye aliyemleta mkandaji, na mkandaji ni bibi wa umri wa mama yangu. Nitaanzaje kumwuliza maswali?

Ni kweli ni vigumu. Lakini adabu na ukweli havigombani. Waweza kusema, "Shikamoo bibi. Ahsante kwa kuja. Kabla hatujaanza naomba nikueleze mwili wangu ulivyo." Hakuna mkubwa atakayechukia kuelezwa. Waweza kumwambia mama mkwe, "Mama, nesi wa kliniki alisema nisiguswe tumbo mpaka anione. Twende wote Jumatatu, umwulize mwenyewe." Hapo hujamkataa. Umemshirikisha. Mara nyingi wakubwa wetu hukasirika kwa kuachwa nje, si kwa ushauri wenyewe. Na bibi akikubonyeza mpaka ukaumia, sema, "Bibi, hapo panauma, punguza." Yapo maumivu ya misuli iliyokaza, ambayo hulegea. Lakini maumivu makali yanayochoma, au yanayoshuka mguuni kama moto, hayavumiliwi kwa ajili ya adabu.

Nasi tulio mama wakwe, tujiangalie. Binti akinyamaza mbele yetu, tusidhani amekubali. Tumwulize kwa upole, "Mwanangu, unajisikiaje? Kuna mahali ungependa pasiguswe?" Swali hilo moja laweza kuokoa uhai wa mama wa wajukuu zetu.

SIKU YENYEWE

Usiende mara baada ya kushiba, wala ukiwa na njaa kali. Jisaidie kwanza. Vua shanga, hereni na saa. Eleza magonjwa yako, dawa unazomeza, siku uliyojifungua, na kama unadhani una mimba hata kama ni ya mwezi mmoja. Wakati wa kukandwa pumua taratibu, na usione haya kusema.

Ukimaliza, inuka polepole, kunywa maji, na kama inawezekana usirudi moja kwa moja kwenye jembe. Misuli kuuma kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Ganzi, alama za damu chini ya ngozi, uvimbe, au maumivu yanayozidi si kawaida. Nenda kituo cha afya.

Tena tukumbuke kwamba mgongo unaokandwa Jumamosi na kuvunjwa Jumatatu hautapona. Tupunguze mzigo wa kuni, tubebe mara mbili badala ya mara moja. Tuchuchumae kwa magoti tunapoinua ndoo, tusiiname kwa kiuno. Na akina baba wetu, ambao mara nyingine husoma ukurasa huu kwa siri, tunawaomba wakumbuke kwamba baiskeli inaweza kubeba maji. Mume anayechota maji jioni moja amemkanda mke wake mgongo bila kuugusa.

Yule bibi aliyeifunga chupa yake bado anakanda hapa kijijini, na watu humwendea kuliko zamani. Tulipomwuliza kama hakuona haya kukataa kazi mbele ya watu, alicheka. Akasema haya angeiona kama angeukanda mguu ule, halafu akaitwa msibani.

Basi, mama, ukilala mkekani, usilale bubu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Tuonane mwezi ujao, akipenda.